Mbegu na Maneno: Ufufuaji wa Kilimo cha Wimbi na Mawele, kutoka Kiriaini hadi Tharaka

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mbegu za nafaka ndogo na msamiati unaozibeba mbegu hizo kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Mfano mkuu umetolewa katika eneo la Kiriaini na sehemu nyinginezo zinazouzunguka Mlima Kenya, ambako wimbi na mawele vilikuwa chakula cha kila siku kabla ya mahindi, kahawa na chai kuchukua nafasi yake. Tunafafanua kwanza istilahi zinazohusika, kisha tunaeleza jinsi zao hili lilivyotoweka, namna mbegu zake zinavyohifadhiwa, na msimamo wa sheria ya Kenya kuhusu mkulima anayempa jirani yake mbegu. Hoja yetu ni kwamba kazi ya kufufua mbegu haiwezi kukamilika bila kazi ya kufufua maneno, na kwamba kazi hii ya pili ni ya mwanafunzi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kiriaini umo katika eneo la Mathioya, Kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri, katika njia iendayo Othaya. Ni nchi ya migongo mirefu na mabonde yenye kina, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Msafiri apitaye huko leo huona majani ya chai upande wa juu, mikahawa upande wa chini, na katikati mahindi, maharagwe, migomba na nyasi za ng'ombe. Ni nadra kuona suke la wimbi, na suke la mawele ni nadra zaidi.

Hata hivyo, msafiri huyo akiuliza jina la mvua za Oktoba hadi Desemba, ataambiwa kuwa ni mbura ya mwere, yaani mvua ya mawele. Mvua za Machi hadi Mei nazo huitwa mbura ya njahĩ, kwa jina la aina ya fiwi ambayo bado hupandwa na kuheshimiwa. Hapa pana jambo la kutafakari. Mwaka wa Mkikuyu ulikuwa na nguzo mbili: njahĩ na mwere. Nguzo moja ingali imesimama shambani na kwenye ulimi. Ya pili imebaki kwenye ulimi tu. Vijana wengi hutaja mvua kwa jina la zao ambalo hawajawahi kulipalilia wala kulivuna.

Hali hii inazua maswali mawili. Je, inawezekana kulirudisha zao hili mashambani, na kwa njia gani? Pili, je, lugha tunayoisomea vyuoni ina mchango wowote katika jambo hilo, au sisi ni watazamaji tu? Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Mjadala mwingi kuhusu nafaka hizi huharibika mapema kwa sababu ya mkanganyiko wa majina. Kiingereza hutumia neno moja, millet, kwa jamii nzima ya nafaka zenye punje ndogo. Mfasiri asiye mwangalifu akikutana na neno hilo huandika "mtama", na papo hapo amemwelekeza mkulima kwenye mmea mwingine kabisa. Kiswahili hakina upungufu huo. Kina maneno matatu yanayotofautisha mimea mitatu:

(a) Wimbi, ambao nchini Tanzania na katika vitabu vingi huitwa ulezi. Huu ni mmea mfupi ambao suke lake limegawanyika mithili ya vidole vya mkono. Punje zake ni ndogo sana, aghalabu nyekundu au za hudhurungi. Jina lake la kisayansi ni Eleusine coracana. Kikuyu huuita ũgĩmbĩ.

(b) Mawele, au uwele ukitaja mmea mmoja. Suke lake ni refu na limesimama kama fimbo nene. Jina la kisayansi ni Cenchrus americanus, ingawa vitabu vya zamani huliandika Pennisetum glaucum. Kikuyu huyaita mwere.

(c) Mtama, wenye suke kubwa lililotanuka na punje kubwa kuliko za wawili waliotangulia. Jina lake la kisayansi ni Sorghum bicolor, na Kikuyu huuita mũhĩa. Mtama ndio unaotajwa katika methali isemayo kuwa usimwage mtama penye kuku wengi.

Mwanafunzi wa sarufi atapenda kutambua pia kwamba majina mawili ya mmea wa kwanza yana homonimu. Wimbi la bahari hupigwa na upepo, nalo lina wingi, mawimbi. Wimbi wa shambani hauna wingi, na husemwa "wimbi umeiva" wala si "wimbi limeiva". Ulezi wa nafaka na ulezi wa mtoto nao hutofautishwa na muktadha tu. Upatanisho wa kisarufi, basi, si pambo. Ndio unaomwezesha msikilizaji kujua kama tunazungumzia pwani au shamba.

3.0 Udugu wa maneno ya shambani

Kiswahili na Kikuyu ni lugha za Kibantu, na katika msamiati wa kilimo udugu wao huonekana waziwazi. Tazama jozi hizi, Kiswahili kikitangulia:

kulima – kũrĩma
kupanda – kũhanda
mbegu – mbeũ
mvua – mbura
kumea – kũmera
uwele – mwere

Mifanano hii haikutokea kwa bahati. Inafuata kanuni za sauti. Palipo na /l/ katika Kiswahili, mara nyingi Kikuyu kina /r/, kama katika kulima na kũrĩma, kulala na kũrara. Palipo na /p/, Kikuyu kina /h/. Sauti /w/ ya Kiswahili katika neno kama "wawili" haipo katika Kikuyu, kisemacho andũ eerĩ kwa maana ya watu wawili. Ukizichukua kanuni hizo mbili za /l/ na /w/ ukazitumia kwa neno uwele, utaona jinsi shina lake linavyolingana na la mwere. Kwa hiyo Mswahili wa pwani na Mkikuyu wa milimani hawakuazimana jina la nafaka hii. Kila mmoja alilirithi kutoka kwa mababu wa Kibantu waliokuwa wakiifahamu kabla lugha hizi hazijatengana.

Jozi ya kumea na kũmera ina faida nyingine. Katika Kikuyu, nomino kĩmera humaanisha msimu wa kilimo: kĩmera kĩa njahĩ, kĩmera kĩa mwere. Katika Kiswahili, kimea ni nafaka iliyolowekwa ikachipuka, itumiwayo kutengenezea pombe au togwa. Shina ni lile lile, nalo ni kuota kwa mbegu. Lugha moja imelitumia kupimia wakati, nyingine kutajia kinachowekwa chunguni. Kwa mababu wa lugha hizi mbili, msimu haukuwa tarehe katika kalenda. Ulikuwa ni tendo la mbegu.

4.0 Zao lilivyotoweka

Ni kosa kudhani kuwa watu waliacha wimbi na mawele kwa uvivu au kwa kudharau asili yao. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mantiki yake.

Sababu ya kwanza ni ndege. Punje za wimbi na mawele hukaa wazi juu ya suke. Zamani, vijana walikaa shambani kuanzia alfajiri, juu ya majukwaa, wakiwafukuza ndege kwa kombeo na kelele. Shule zilipoenea, mikono hiyo iliondoka shambani, na hakuna mzazi wa leo atakayemtoa mtoto darasani ili akalinde mawele. Hindi, kwa upande wake, huja na ulinzi wake: limevikwa maganda tangu likiwa changa.

Sababu ya pili ni kazi. Mbegu ndogo hutaka shamba lililolainishwa vizuri na palizi ya mapema. Wimbi hasa una adui mjanja, gugu la jamii yake lifananalo nao sana likiwa bado changa, kiasi kwamba mpaliliaji asiye na uzoefu hung'oa zao akaacha gugu. Baada ya mavuno kuna kupura, kupeta na kusaga. Kazi nyingi kati ya hizi ziliwaangukia wanawake, na si ajabu kwamba walilipokea hindi kwa furaha.

Sababu ya tatu ni ardhi na siasa. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakazi wa mashamba ya Murang'a na Nyeri walihamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ukaleta uunganishaji wa vipande vya ardhi, hatimiliki za kibinafsi, na ruhusa pana kwa Mwafrika kupanda mazao ya biashara. Kahawa na chai zikachukua sehemu bora ya shamba. Mkulima aliyekuwa na vipande kadhaa, kimoja juu ya mgongo na kingine bondeni, sasa alikuwa na kipande kimoja.

Sababu ya nne ni mbegu mpya. Mahindi meupe yalikuwa yamekwisha kuenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1964, watafiti wa Kitale walitoa H611, mbegu ya mahuluti iliyozaa sana katika nyanda za juu. Faida yake haikanushiki. Lakini mahuluti yana tabia moja: nguvu yake ni ya kizazi cha kwanza. Punje zikitunzwa na kupandwa tena, mimea hutofautiana na mavuno hupungua. Kwa hivyo mkulima hulazimika kurudi dukani kila msimu. Hivyo ndivyo ujuzi wa kuchagua na kuhifadhi mbegu, uliokuwa kazi ya kila nyumba, ulivyogeuka kuwa kazi ya kampuni.

Kabla ya kuomboleza sana, ni vyema kukumbuka kuwa mabadiliko ya namna hii si mageni katika historia ya Waswahili wenyewe. Wanaakiolojia waliochimbua mji wa kale wa Tumbe kisiwani Pemba, uliokaliwa takribani kati ya karne ya 7 na ya 10, walikuta kuwa nafaka iliyotawala ilikuwa mawele. Katika mji jirani wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mchele ulikuwa umeongezeka sana. Leo pilau na wali ndivyo vinavyotambulisha meza ya Mswahili, na ni wachache wanaojua kuwa mababu zao walikula mawele. Jamii zinaweza kubadili chakula bila kufa. Kinachotofautisha mabadiliko ya Pemba na ya Kiriaini ni kasi: yale yalichukua karne kadhaa, haya yalimalizika katika umri wa mtu mmoja, kabla ujuzi haujapata wa kuurithi.

5.0 Namna ya kuhifadhi mbegu

Sehemu hii imekusudiwa kuwa somo. Tumeiandika kwa Kiswahili cha kawaida makusudi, ili ionekane kwamba lugha hii inaweza kulieleza jambo la kitaalamu bila kukopa kila neno.

5.1 Kuchagua

Mbegu huchaguliwa shambani, wala si ghalani. Mkulima hupita katika shamba lake kabla ya mavuno na kuyafunga alama masuke bora: yaliyojaa, yasiyo na ugonjwa, yaliyokomaa kwa wakati, na yaliyotoka kwenye mimea isiyoanguka. Huepuka mimea iliyo ukingoni, kwa sababu hiyo imepata mwanga na nafasi zaidi, na uzuri wake huenda ukawa wa mahali na si wa uzao.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya wimbi na mawele. Ua la wimbi hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu hufanana na mzazi wake, na aina mbili zinaweza kupandwa karibukaribu bila kuchanganyika sana. Mawele hayako hivyo. Sehemu ya kike ya suke hutangulia kuwa tayari kabla ya chavua yake kukomaa, kwa hiyo chavua huletwa na upepo kutoka mimea mingine. Anayetaka kuhifadhi aina ya mawele hana budi kuipanda mbali na aina nyingine, na kuchukua mbegu kutoka masuke mengi, mia moja au zaidi. Akichukua kutoka masuke machache tu, uzao utadhoofika baada ya vizazi vichache.

5.2 Kukausha na kuweka

Unyevu ndio adui wa kwanza wa mbegu. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani huongezeka takribani maradufu, na kila joto linapopungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri huo huongezeka maradufu tena. Bibi aliyetundika masuke ya mbegu juu ya meko hakuisoma kanuni hii, lakini aliitekeleza: moshi ulikausha mbegu na kuwafukuza wadudu. Kibuyu kilichozibwa vizuri na majivu yaliyochekechwa vilikamilisha kazi. Siku hizi chupa kavu yenye kifuniko hufaa vilevile. Wimbi una bahati nyingine, kwamba punje zake ni ndogo mno kwa fukusi kutagia ndani, na ndiyo maana ulisifika kuwa akiba ya njaa.

5.3 Kujaribu

Kabla ya kupanda, mkulima huhesabu punje 100, huzitandaza juu ya kitambaa chenye unyevu, huzikunja na kuziweka mahali pa joto la wastani kwa muda wa wiki moja. Zikiota 85, mbegu ni nzuri. Zikiota 60, mbegu haijafa lakini imechoka, na ni lazima aongeze kipimo. Kwa mfano, aliyehitaji kilo 3 za mbegu iotayo yote, atagawanya 3 kwa 0.6 na kupata kilo 5.

Hesabu hii huonyesha pia kwa nini mbegu za nafaka ndogo ni rahisi kufufuliwa. Gramu moja ya wimbi ina takribani punje 400. Kilo moja ina punje zipatazo 400,000, ilhali kilo moja ya mahindi ina zipatazo 3,000 tu. Mkono mmoja wa mbegu, ukipandwa kwa uangalifu, waweza kutosheleza kijiji baada ya misimu michache. Haba na haba hujaza kibaba.

6.0 Sheria na mbegu ya jirani

Kwa miaka mingi, tendo la kumpa jirani mbegu liliishi chini ya kivuli cha sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilipitishwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1975. Ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2012. Lengo lake la awali lilikuwa jema: kumkinga mkulima dhidi ya wauzaji wa mbegu bandia, tatizo ambalo lipo hadi leo. Lakini vifungu vyake vilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa kuwa kosa, na adhabu ilifikia kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1, au vyote viwili. Mbegu ya kienyeji, kwa tabia yake, haijasajiliwa popote.

Wakati huohuo, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 11, iliitaka Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya. Mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka wa 2001 chini ya FAO, nao ulikuwa umezitambua haki za wakulima. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2016 Kenya ilijiunga na mkataba wa UPOV wa mwaka wa 1991, unaotilia mkazo haki za wazalishaji wa aina mpya za mbegu. Sheria, basi, zilikuwa zikivutana.

Mwaka wa 2022, wakulima wadogo 15 waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos kupinga vifungu hivyo. Mnamo Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyomtia hatiani mkulima kwa kuhifadhi, kubadilishana au kuuza mbegu zake za kienyeji vilikiuka Katiba. Uamuzi huu ni mkubwa. Lakini msomaji ajiulize: sheria yenyewe, kesi, na hukumu, vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkulima wa Kiriaini aliyeogopa kumpa jirani mbegu, na sasa anaruhusiwa, atajuaje? Uhuru usiotafsirika ni nusu ya uhuru.

7.0 Mfano wa Tharaka, na kipimo cha Kiriaini

Wanaotaka kuona kilimo hiki kikiwa hai hawana haja ya kwenda mbali. Upande wa pili wa Mlima Kenya, katika nyanda kame za Tharaka, mawele na mtama havikuachwa kamwe. Huko, tangu miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo mwaka wa 2005 lilibadili jina na kuwa Practical Action, liliunga mkono maonyesho ya mbegu. Mkulima huleta mbegu zake zote katika vibuyu na vikapu, huzieleza kwa majina na sifa, na husifiwa kwa wingi wa aina alizo nazo wala si kwa ukubwa wa shamba. Baada ya ukame, watu hujua mbegu fulani iko kwa nani. Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru, Mtandao wa Wahifadhi Mbegu umewafunza wakulima kuanzisha benki za mbegu za jamii. Serikali nayo ina Benki ya Jeni ya taifa huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, yenye sampuli za makumi ya maelfu ya aina za mimea. Ulimwenguni, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi.

Hata hivyo, si busara kuinakili Tharaka huko Kiriaini. Mawele hupenda joto na hustahimili ukame. Katika baridi na ukungu wa ukanda wa chai hayatafanya vizuri, na kumshauri mkulima ang'oe chai yake ni kumdhulumu. Wimbi ndio ufaao zaidi nyanda za juu, kwa kuwa asili yake ni milima ya Afrika Mashariki yenyewe. Mistari michache ya wimbi kando ya maharagwe, ikipandwa kwa safu ili gugu linalofanana nao litambulike, haimnyimi mtu mahindi yake. Faida yake ni mbili. Kwanza ni chakula: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiwango ambacho mahindi hayakikaribii, na uji wake ni wa mtoto, mgonjwa na mzee. Pili ni bima: katika misimu ambayo mvua haitabiriki, shamba lenye mazao ya aina nyingi halianguki lote kwa siku moja.

Kuhusu ndege, ukweli lazima usemwe. Shamba moja la wimbi katikati ya mahindi ni karamu iliyotangazwa. Wakulima kumi wakipanda kwa wakati mmoja, hasara hugawanyika na kila mmoja hupoteza kidogo. Kwa hiyo ufufuaji huu hauwezi kuwa wa mtu binafsi. Unahitaji kikundi, na kikundi huanza kwa mazungumzo.

8.0 Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Tumefika kwenye hoja yetu kuu. Benki ya jeni huhifadhi punje katika baridi kali, lakini haiwezi kuhifadhi kauli kama "hii hupandwa mapema", "hii haipendwi na ndege", au "hii ni ya uji wala si ya pombe". Kauli hizo ndizo maelezo ya matumizi ya mbegu, na zimo katika majina ya kienyeji na katika vinywa vya wazee. Jina likipotea, mbegu hubaki bubu. Na mbegu isiyo na jina haiwezi kuombwa, kwa maana hakuna aombaye asichoweza kukitaja.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wakusanye majina ya aina za wimbi, mawele, mtama na jamii ya kunde katika lugha za nyumbani kwao, pamoja na sifa za kila aina, na wayaandikie fafanuzi za Kiswahili. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka wa 2016 inatukumbusha kuwa maarifa hayo ni mali ya jamii. Kwa hiyo nakala irudi kwa waliotoa habari, na kibali chao kiheshimiwe.

Pili, tafsiri za miongozo ya kilimo zikaguliwe. Pale palipoandikwa "mtama" kwa maana ya wimbi au mawele parekebishwe. Kosa la msamiati katika riwaya humchekesha msomaji. Katika mwongozo wa kilimo humpotezea mkulima msimu.

Tatu, hukumu na sheria zinazomgusa mkulima ziandikiwe muhtasari kwa Kiswahili chepesi, ukikaguliwa na mwanasheria na mwanaisimu. Kazi hii inafaa kuwa mradi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tafsiri, badala ya kutafsiri matini ambazo hakuna anayezihitaji.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wimbi na mawele viliondoka katika migongo ya Kiriaini kwa sababu zinazoeleweka, na kwamba vinaweza kurudi kwa kiasi, mahali panapofaa, na kwa ushirikiano. Yameonyesha pia kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha kulieleza jambo hili tangu kuchagua suke hadi kusoma hukumu. Kilichopungua ni sisi kuyatumia maneno hayo pale yanapohitajika. Wazee waliowahi kuhifadhi mbegu kwa mikono yao ni wachache, na hupungua kila mwaka. Mwanafunzi atakayekwenda nyumbani likizo hii na daftari atawakuta baadhi yao. Atakayengoja mpaka amalize shahada huenda akakuta jina la mvua tu.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya wimbi, mawele na mtama, kisha utaje jina la kila mmoja katika lugha ya kwenu.
2. Kwa kutumia jozi za maneno katika sehemu ya 3.0, bainisha kanuni tatu za ulinganifu wa sauti baina ya Kiswahili na Kikuyu. Je, lugha ya kwenu inafuata kanuni zipi?
3. Mkulima alijaribu punje 100 za wimbi, zikaota 75. Akihitaji kilo 3 za mbegu iotayo yote, apande kilo ngapi?
4. "Kuhifadhi mbegu bila kuhifadhi jina lake ni kuhifadhi nusu." Jadili.